Sheria Imeandikwa, Nani Atamsindikiza Mkimbizi?

Tarehe 26 Julai 2013, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitoa hukumu ambayo wanasheria wa wakimbizi wangali wakiitaja hadi leo. Desemba ya mwaka uliotangulia, serikali ya Kenya ilikuwa imeagiza wakimbizi wote wanaoishi mijini waondoke, Wasomali waende kambi za Dadaab na wengine kambi ya Kakuma, na uandikishaji na huduma zao mijini zikome. Kituo cha Sheria, shirika kongwe la msaada wa kisheria, pamoja na wakimbizi saba, wakaishtaki serikali. Jaji akalitengua agizo lile. Hakuona jinsi kumng'oa Nairobi mtu mwenye duka, kazi na watoto shuleni kungeongeza usalama wa nchi, na akasisitiza kwamba utu wa mkimbizi unalindwa na Katiba ya 2010 kama utu wa mtu mwingine yeyote.

Miezi tisa haikupita. Mapema Aprili 2014 polisi waliingia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, katika msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakarundikwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, wakiwemo waliokuwa na karatasi halali mifukoni. Waziri wa usalama wa ndani alikuwa ametoa agizo jipya la kuwarudisha watu kambini, na safari hii waliolipinga mahakamani walishindwa. Wakazi wa mitaa ile walikuwa na mzaha wao mchungu: askari akituona, walisema, anaona ATM.

Nimeanza na matukio hayo mawili kwa sababu yanaonyesha mahali hasa tatizo lilipo. Ukizihesabu sheria na hukumu peke yake, Afrika Mashariki haina sababu ya kuona haya mbele ya sehemu nyingine za dunia. Tumeridhia Mkataba wa Geneva wa 1951, tumeridhia na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao ni mpana zaidi kwa kuwa unamtambua pia anayekimbia vita na machafuko ya jumla, si yule tu anayewindwa yeye binafsi. Upungufu uko kwingine. Uko katika ule mwendo mfupi kati ya haki iliyoandikwa na dirisha la ofisi ambako haki hiyo hutolewa, mwendo ambao mkimbizi hawezi kuutembea bila mtu wa kumsindikiza. Msindikizaji huyo ndiye tunayemwita msaada wa kisheria na kijamii, na ndiye tunayemlipa vibaya kuliko wote.

Kenya ni mfano mzuri kwa sababu imewahi kuwa na karibu kila mpangilio unaowezekana. Hadi 1991 serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwahoji waomba hifadhi na kuwapa hadhi. Somalia iliposambaratika, mfumo huo ukazidiwa. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikajengwa Dadaab kwa ajili ya watu 90,000, Kakuma ikafunguliwa Turkana mwaka 1992, na kazi ya kuamua nani ni mkimbizi ikaachiwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kwa miaka kumi na mitano nchi ilihifadhi mamia ya maelfu ya watu bila sheria mahususi ya wakimbizi. Ya kwanza ilikuja 2006, na hatua kwa hatua serikali ikaanza kuirudisha kazi hiyo mikononi mwake. Kisha Mei 2016, katika tangazo lilelile la kuifunga Dadaab, idara iliyohusika na wakimbizi ikavunjwa. Februari 2017 Jaji John Mativo aliyabatilisha yote mawili. Sheria ya sasa, iliyotiwa saini Novemba 2021, imeunda idara nyingine tena.

Kila badiliko kama hilo huonekana dogo kwa aliye nje. Kwa mwenye faili, ni jambo la kumpotezea mwaka. Aliyehojiwa na UNHCR akapewa barua huambiwa barua hiyo haitambuliki tena, aende kwa serikali. Serikali humwambia asubiri. Anayesubiri hushika karatasi ya kuonyesha kwamba ameandikishwa, na karatasi hiyo ina tarehe ya mwisho. Ikipita, aende kuiongezea muda, na huenda ofisi iliyomwandikisha iko Kakuma naye yuko Kayole, Nairobi, na kutoka au kuingia kambini kunahitaji kibali cha kusafiria. Kitambulisho chenyewe kikitoka ndipo milango mingine huanza kufunguka: laini ya simu kwa jina lake, M-Pesa, namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara ya kaunti. Asiye nacho hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani Mkenya, na siku jirani akigeuka, fedha zote ni za jirani.

Basi ukiingia katika ofisi ya msaada wa kisheria usitarajie kukuta mawakili wakiandaa kesi za kikatiba kutwa. Kesi hizo zipo, na ndizo zinazoandikwa magazetini. Sheria ya usalama ya 2014 iliyotaka wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000 ilikatwa makali mahakamani Februari 2015, na isingekatwa bila watu waliokaa usiku wakiisoma. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mashirika kama Kituo cha Sheria, au Refugee Consortium of Kenya iliyoanzishwa 1998, ni ya kuchosha na haina picha. Kuandika barua ya kuuliza faili imekwama wapi. Kumweleza mwalimu mkuu kwamba mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hapaswi kukataliwa darasani. Kujaza fomu ya kibali cha kazi cha daraja M, ambacho mkimbizi anayo haki ya kukiomba ingawa wanaokipata ni wachache mno. Kumpigia simu mkuu wa kituo cha polisi saa tano za usiku.

Hiyo ya polisi ina undani wake. Sheria ya wakimbizi humpa anayeingia nchini siku 30 za kujitokeza na kuomba hifadhi, hata kama alipita njia ya panya. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011, kwa upande wake, inasema kukaa nchini bila kibali ni kosa. Zote mbili ni sheria za Kenya, na askari wa kizuizi kwenye barabara ya Moyale kuja Isiolo anaijua zaidi ile ya pili. Kijana wa Kiethiopia akishushwa kwenye lori hupelekwa kortini kesho yake. Anasomewa shtaka kwa lugha asiyoielewa vizuri, mtu fulani anamnong'oneza akubali ili mambo yaishe haraka, naye anakubali. Hukumu ni faini au kifungo, kisha kurudishwa alikotoka. Hapo wakili mmoja akisimama na kusema maneno mawili, kwamba mshtakiwa anaomba hifadhi, mkondo wote wa kesi hubadilika. Asiposimama mtu, Mkataba wa 1951 hauwi na kazi yoyote katika chumba kile.

Ukalimani nao haujapewa uzito wake. Maofisa hufikiri Mkongomani hana shida kwa kuwa anazungumza Kiswahili. Anakizungumza, lakini Kiswahili cha mtu wa Uvira na kile cha ofisa aliyekulia Machakos vinaachana mahali pabaya: katika majina ya vyeo, ya vikundi vyenye silaha, ya uhusiano wa kifamilia. Mtu akisema «ndugu yangu» aliuawa, halafu ukurasa wa tatu inaonekana kwamba ndugu huyo ni mtoto wa shangazi, mhoji anaandika kwamba maelezo yanapingana. Wasomali wanaosema Kimaay wamehojiwa kupitia wakalimani wa Kisomali cha kaskazini, wengine wa koo ambazo mhojiwa anaziogopa. Kosa la mkalimani likishaingia kwenye faili huwa ni neno la mkimbizi mwenyewe, na rufaa nzima hugeuka kuwa kazi ya kulifuta.

Hapa ndipo mgawanyo wa kawaida kati ya «huduma za kisheria» na «huduma za kijamii» unapoanza kunitia shaka. Wafadhili huzitenga: bajeti moja ya mawakili, nyingine ya ushauri nasaha, nyingine ya chakula, kila moja na ripoti yake. Maisha ya mtu hayakugawanyika hivyo. Mwanamke aliyebakwa njiani hawezi kusimulia mbele ya ofisa asiyemjua, tena kwa mpangilio wa tarehe. Ataruka, atanyamaza, atasema Machi mahali pa Mei. Ushauri nasaha alioupata kabla ya mahojiano, na barua ya mtaalamu inayoeleza kwa nini kumbukumbu yake ina mapengo, ni ushahidi wa kisheria kwa maana kamili. Shirika la CVT, linalohudumia manusura wa mateso, limefanya kazi hiyo Nairobi na kambini. RefuSHE, lililoanza 2008 kwa jina la Heshima Kenya, hulea wasichana waliofika Nairobi bila mzazi wala mlezi. Msichana wa namna hiyo anahitaji kitanda kwanza. Akishalala salama ndipo wakili anaweza kumuuliza jina la kijiji chake.

Kambini hali ni tofauti, kwa sababu kule sheria tatu au nne huishi chini ya bati moja. Dadaab, ugomvi mwingi humalizwa kwa maslaha, baraza la wazee wa Kisomali linaloketi, kusikiliza pande mbili na kuamua fidia. Kakuma, jamii za Sudan Kusini zina mabaraza yao ya kimila yanayotoza faini na wakati mwingine hata kufunga watu. Sipendi namna mabaraza haya yanavyodharauliwa katika ripoti za mashirika. Kwa deni la dukani, kwa mbuzi aliyekula bustani ya jirani, kwa ndoa iliyoyumba, wazee hufanya kwa siku mbili kazi ambayo mahakama ingeifanya kwa miaka miwili, na huifanya kwa lugha ya wenye shauri.

Likija suala la ubakaji, hesabu inageuka. Wazee wa koo mbili hukubaliana, fidia hulipwa, mara nyingi kwa wanaume wa upande wa msichana, na msichana mwenyewe hurudi kuishi safu moja ya mahema na aliyemdhuru. Akienda polisi baadaye, shahidi hakuna, maana koo zimekwisha kupatana na anayevunja mapatano ndiye mkosaji. Mahakama za kutembea zilipoanza kuketi kambini zilisaidia kwa kiasi chake, kwani hakimu wa karibu alikuwa mbali sana kwa mtu asiyeruhusiwa kusafiri bila kibali. Hata hivyo hakimu hufika na kuondoka. Majirani wapo mwaka mzima. Mashirika yaliyofanikiwa zaidi ni yale yaliyowafunza baadhi ya wazee hao hao, na wanawake kutoka miongoni mwa jamii zao, kutenganisha mashauri ya baraza na mashauri ya jinai, kisha yakamtafutia msichana mahali pa kuishi wakati kesi ikiendelea. Hapo tena, bila nyumba salama hakuna kesi.

Garissa, kaunti yenye kambi za Dadaab, kuna mkasa unaoonyesha upande wa pili wa karatasi. Miaka ya njaa, Wakenya wa jamii ya Kisomali waliokuwa wakiishi karibu na kambi walijiandikisha kama wakimbizi, au waliandikishwa na wazazi wao wakiwa wadogo, ili wapate mgao wa chakula na shule. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole zikasoma: mkimbizi. Maelfu kwa maelfu wamekaa hivyo, raia wasio na uraia mkononi, hawawezi kuajiriwa, kufungua akaunti wala kusafiri. Shirika la Haki na Sheria la Garissa limekuwa likipigania majina yao yafutwe kwenye orodha ya wakimbizi. Sijui mfano mwingine unaosema wazi kuliko huu kwamba msaada wa kijamii ukitolewa bila mtu wa kueleza maana yake kisheria unaweza kuwa deni la maisha.

Ukivuka mpaka kwenda Uganda utaambiwa mambo ni rahisi zaidi, na kwa sehemu ni kweli. Sheria yao ya 2006 na kanuni za 2010 zinamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale, yaliyofunguliwa tangu 1958, familia hupewa kipande cha ardhi. Lakini nchi inahifadhi zaidi ya watu 1,700,000, vipande vya ardhi vimepungua ukubwa, na aliyechagua kuishi Kampala hapati mgao. Wakongomani wanaouza vitenge na vito mitaani hugundua kwamba uhuru wa kufanya kazi hauzuii kufukuzwa na askari wa jiji. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza 1999, ipo kwa sababu hiyohiyo: hata sheria nzuri inahitaji mtu wa kuikumbusha ofisi kwamba ipo.

Tanzania ilikuwa na jina kubwa kuliko zote. Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983, na Warundi waliofika 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakalima mpaka wakalisha mikoa. Mwaka 2010 takriban 162,000 kati yao walikubaliwa uraia, jambo ambalo ni nadra sana duniani. Ila vyeti havikutoka. Walitakiwa kwanza kuhama makazi yao na kutawanywa mikoa mingine, mpango ukakwama, na watu wakabaki miaka minne si Warundi tena wala si Watanzania bado, hadi vyeti vilipoanza kutolewa Oktoba 2014. Waliokuja baadaye wamekuta mlango mwembamba. Sheria ya 1998 inawataka wakae kambini, kutoka bila kibali ni kosa. Januari 2017 Warundi waliacha kupokewa kwa pamoja bila mahojiano ya mmoja mmoja. Mwaka 2018 serikali ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi. Katika mazingira kama hayo ya kambi za Nyarugusu na Nduta, wakati mazungumzo ya kila mwezi ni ya kurudi nyumbani, kazi ya Women's Legal Aid Centre au Dignity Kwanza inabadilika sura. Swali la mteja huwa moja: nikisaini fomu ya kurejea kwa hiari, je, kweli nimesaini kwa hiari?

Nani hulipia yote haya? Karibu yote hulipiwa na wafadhili wa nje, na mwaka 2025 ulionyesha ubaya wake. Januari, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupimwa afya na kupangiwa ndege wakabaki na mabegi yao Nairobi na Kakuma. Fedha za misaada zikakatwa. Katikati ya mwaka, mgao wa chakula katika kambi za Kenya ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Chakula kikipungua, dunia angalau husikia. Dawati la sheria likifungwa hakuna anayeandamana. Athari yake huonekana miezi kadhaa baadaye, katika mahabusu na katika rufaa zilizopitwa na wakati.

Ajabu ni kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya 2016 inamtaja mkimbizi waziwazi miongoni mwa wanaostahili wakili wa serikali, pamoja na raia asiye na uwezo, mtoto na mtu asiye na utaifa. Kwa hiyo wajibu tayari ni wa umma, kwenye karatasi. Kinachokosekana ni fungu la bajeti na ofisi zenye watu Garissa na Turkana. Wapo watakaouliza kwa nini kodi ya Mkenya imlipie mgeni wakili wakati Mkenya mwenyewe hana. Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba kumfunga, kumlisha jela na kumrudisha mpakani mtu aliyepaswa kuandikishwa siku ya kwanza nako ni kwa kodi, na ni ghali zaidi ya kumlipa wakili wa zamu katika mahakama ya Isiolo.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu linafichua zaidi ya takwimu. Wanaofanya sehemu kubwa ya usindikizaji huu kambini ni wakimbizi wenyewe: wasaidizi wa kisheria, wakalimani, wahamasishaji wa jamii. Wanazijua lugha, wanaijua njia ya kila ofisi, wanaaminika. Kwa kuwa wengi wao hawana kibali cha kazi, mashirika hayawalipi mshahara. Huwalipa posho ya motisha, sehemu ndogo tu ya anayolipwa Mkenya wa meza ya pili kwa kazi ileile. Mwanamke anayezunguka safu za mahema akiwaeleza wenzake kwamba sheria ya 2021 inawapa haki ya kuajiriwa, yeye mwenyewe hajaajiriwa. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili kuzigeuza Dadaab na Kakuma ziwe miji ya kawaida, ungeweza kuanzia hapo bila kusubiri fedha za barabara: vibali kwa wasaidizi hawa, mishahara, na vyeti vinavyotambulika nje ya kambi.

Watahitajika upesi, kwa sababu sheria ya 2021 imeleta chaguo jipya ambalo wengi hawajalielewa. Mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kuiacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili afaidi haki za raia wa Jumuiya, zikiwemo kufanya kazi na kuishi. Ilipopitishwa, kifungu hicho kiliwahusu zaidi Warundi, Wanyarwanda na Wasudan Kusini. Tangu wakati huo Kongo imejiunga 2022 na Somalia 2024, na sasa wakimbizi wengi walioko Kenya wanatoka ndani ya Jumuiya. Kwa Msomali mfanyabiashara wa Eastleigh huenda hilo likawa jambo bora lililomfikia kwa miaka thelathini. Kwa mwanaharakati wa Bujumbura au mwandishi wa habari wa Goma, maana yake ni kuitoa kinga ya kutorudishwa kwao na kushika pasipoti ambayo, ikiisha muda, itabidi aipeleke kwenye ubalozi wa serikali aliyoikimbia. Fomu ni ileile kwa wote. Ndiyo maana kanuni zinapaswa kumtaka kila anayeijaza akae kwanza na mtu anayejua sheria, wa lugha yake, bila malipo, na apewe muda wa kubadili nia kabla hadhi yake haijafutwa.